Siku Gurudumu Langu Liliposhinda Ngoma

Aibu niliyoipata siku ile, ndugu zangu, siwezi kuisimulia nikiwa nimesimama, acheni nikae kwanza. Mkicheka chekeni tu, maana hata mimi nikiikumbuka sijui nishike tama au nishike mbavu.

Ilikuwa enzi za Mwingereza, mimi kijana, dereva wa lori dogo la mfanyabiashara mmoja wa Kahama, na dereva wakati ule hakuwa mtu wa kubezwa (kofia naivaa upande, mluzi mdomoni, nikipita kijijini hata kuku wananijua). Katika pitapita zangu za Mhunze nikampenda binti aitwaye Kabula, naye akanipenda, kikwazo kikawa baba yake. Mzee Masanja alikuwa manju, yaani kiongozi na mtunzi wa ngoma, na kwa Wasukuma manju hababaishwi na kofia ya dereva. Nilipopeleka posa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Wewe una lori. Tupeleke kwenye mbina, tushinde, halafu tutaongea."

Mbina ni ngoma za mashindano baada ya mavuno. Makundi mawili yanacheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, moja huku na jingine kule, wala hakuna mwamuzi, watu wenyewe ndio wanaoamua kwa miguu yao: atakayejaza watazamaji upande wake ndiye mshindi. Kwa hiyo kila manju huja na kioja alichokificha. Kioja cha Mzee Masanja kilikuwa chatu wa kucheza naye shingoni, na chatu huyo alisafiri ndani ya kapu nyuma ya lori langu (mimi niliambiwa tulipofika, na walifanya vizuri kuchelewa kuniambia).

Basi asubuhi tumeondoka, wachezaji wanaimba nyuma, mzee kakaa mbele na kofia yake ya manyoya ya mbuni, tumefika penye barabara nzuri nikakanyaga mafuta, lori likaanza kutetemeka kwa nyuma. Usukani ulikuwa umetulia kabisa, habari niliipata kwa makalio. Nikipunguza mwendo linatulia, nikiongeza linatetemeka tena, mpaka manyoya ya mzee yakaanza kucheza kabla ya ngoma.

"Gari linaumwa?" akauliza.

"Hapana, baba, ni barabara tu." (Barabara yenyewe ilikuwa imenyooka kama mkeka.)

Moyoni nilikwisha kutoa hukumu: ekseli imepinda. Siku iliyotangulia nilikatiza kando ya lambo la kunyweshea ng'ombe, nikazama kwenye tope jeusi la mbuga, ikabidi nivutwe na maksai, na nikaamini kabisa kwamba ekseli ilipindia pale pale. Ekseli mpya ingebidi iagizwe Mwanza, na mpaka ifike lori lingelala juu ya mawe, na dereva asiye na lori ni mtembea kwa miguu aliyevaa kofia, sasa nani atamwozesha binti yake? Nikawaza njia nzima, nikafika nimelowa jasho.

Ningekaa nikatazama ngoma kama watu wengine, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini roho ilikataa kutulia, nikasema acha niliinue gurudumu nione kama linayumba. Uwanja wote ulikuwa udongo wa mbuga, jeki ingezama, palipokuwa pagumu ni sehemu moja tu yenye mwamba, nayo ilikuwa nyuma ya kundi la wapinzani wetu. Nikajiambia, mwamba hauna kundi. Nikaenda kuegesha huko.

Nikaweka mawe mbele ya magurudumu, nikapiga jeki upande mmoja wa nyuma, nikaongeza na gogo, nikawasha injini, nikatia gia, nikabana pedeli ya mafuta kwa kijiti (msijaribu jambo hili, nilikuwa mjinga na nilikuwa napenda), kisha nikazunguka nyuma kutazama. Gurudumu lile moja likazunguka hewani, mbio, mbio, likazidi mbio mpaka huoni tena kwamba ni kitu cha mpira, na lori zima linatikisika lakini haliendi popote.

Mimi nimeinama nalitazama, nikasikia mtu ananihemea shingoni. Nikageuka. Bibi mmoja kasimama, mkono mdomoni.

"Linakimbia hivyo," akasema, "mbona halifiki?"

Nyuma yake walikuwa kumi, nikiinama na kuinuka wamekuwa mia, na wengine wanakuja mbio wanarusha vumbi. Jamani, watu wale waliwahi kuona magari, lakini gari lililokaa huku mguu wake unakimbia peke yake walikuwa hawajaliona, na nawaambieni kweli, hata mimi dereva niliposikia ule ukimya wao, watu wengi namna ile hakuna anayekohoa, nikaligeukia gurudumu na mimi nikashangaa, nikaliona kama ndiyo kwanza naliona. Nilisahau Kabula, nilisahau ekseli, nilisahau niko upande wa nani.

Kule upande wetu ngoma ikafifia, kisha ikanyamaza. Chatu alikuwa shingoni mwa mtu na hakuna wa kumtazama.

Watu wakapisha njia, akatokea Mzee Masanja mwenyewe, manyoya yamesimama kichwani, jasho linamtiririka, amekuja kuona kioja gani kimemmalizia watu wake. Akaliona lori. Akaniona mimi. Akafungua mdomo aseme, na hapo hapo kitu kikachomoka ndani ya rimu, kikapita kwa kishindo, kikamvua ile kofia ya manyoya na kuitupa huko kwa akina mama.

Lilikuwa bonge la tope. Tope la lambo, lililoingia ndani ya rimu likakaukia humo mpaka likawa tofali. Na lilipotoka tu, lori likatulia, gurudumu likazunguka kimya, halitikisiki hata chembe. Nami, Mungu anisamehe, nikaruka juu nikapiga kelele, "Ekseli nzima! Ekseli nzima!" mbele ya mkwe wangu aliyesimama kichwa wazi.

Uwanja ulilipuka kwa kicheko. Manju wa wapinzani hakungoja, alitunga wimbo pale pale, kwamba Masanja ni mwungwana, kawaletea gari, na tope liwe kitoweo, na watu wote wakaitikia. Mbina ikaishia hapo. Tulikuwa tumeshindwa, na aliyetushinda ni mimi.

Safari ya kurudi hakuna aliyeimba. Lori lilikwenda laini, laini hata ukimya wa watu nyuma ukasikika vizuri zaidi. Mzee kaweka kofia mapajani, anayanyoosha manyoya moja moja. Mimi nimeona aibu mpaka masikio yanawaka, namuaga Kabula kimoyomoyo. Tulipokaribia kijijini mzee akakohoa.

"Gari limepona."

"Ndiyo, baba. Nisamehe, baba."

Mzee akanyoosha unyoya wa mwisho. Kisha akasema, na macho yake yako barabarani, "Yaya, ng'wanawane. Hapana, mwanangu. Miaka yote nimetafuta kioja kama kile. Mwakani utalizungusha upande wetu." Akavaa kofia. "Na dereva hukodishwa, mkwe hakodishwi. Lete wazee wako tuongee."

Nikamwoa Kabula. Mwaka uliofuata nikalipiga jeki lori upande wetu, gurudumu likazunguka vizuri kuliko mara ya kwanza, na hakuja hata mbuzi, kwa sababu walikwisha kuliona. Aliyesimama kulitazama ni Mzee Masanja peke yake, mikono nyuma, mpaka mafuta yalipoisha.

Tangu siku ile gari likinitetemekea nyuma sitaji ekseli. Nainama kwanza na kijiti nachokonoa tope, na kabla sijashika jeki natazama niko upande wa nani.