Kizunguzungu Kwenye Ukingo wa Ndiva

Wapare tunataniwa kwamba tuko tayari kuuza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Mimi utani huo haunichukizi. Kuku akiwa wangu, kwa nini aliwe na mwingine huku nimenyamaza? Nasema mapema ili msomaji asinishangae huko mbele.

Nilianguka siku ya msaragambo, ile kazi yetu ya pamoja ya kuzibua mfereji na kutoa tope kwenye ndiva, bwawa linalotukusanyia maji ya kumwagilia. Nilikuwa juu ya ukuta wa ndiva na jembe langu. Mwanamke mmoja aliyekuwa upande wa juu akaniita, nikainua kichwa kumjibu, na mlima mzima ukazunguka na migomba yake. Nilipopata fahamu zangu nilikuwa ndani ya tope, watu wanacheka.

"Dengelua asubuhi yote hii?" mmoja akauliza.

Dengelua ni pombe yetu ya miwa. Mimi naimba kwaya ya kanisa na sijawahi hata kuionja. Iliniuma.

Kilichoniuma zaidi ni huruma ya shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu, ambaye ndiye mwenyekiti wa mfereji. "Pumzika, shemeji," aliniambia. "Msimu huu usichimbe." Alisema kwa upole, na upole huo ndio ulionitia shaka. Kwetu asiyechimba hana zamu ya maji. Mgonjwa husamehewa, sawa, lakini zamu yake anaitumia nani? Tangawizi yangu ikikauka, shamba litaonekana halina mwenyewe, na ukoo utaanza kuulizana. Na shamba linalopakana na langu ni la nani? La shemeji. Sikuhitaji kuambiwa zaidi.

Basi nikashuka hospitalini. Huko nikakuta madaktari wageni wanafanya utafiti juu ya kizunguzungu. Muuguzi, binti mdogo tu, akaniamkia vizuri kisha akanieleza. Ndani kabisa ya sikio kuna vichembe vya chokaa vinavyotusaidia kusimama wima. Vikitoka mahali pake vikaingia kwenye vijia vyenye majimaji, kichwa hudanganywa kwamba mwili unazunguka. Tiba yake si kidonge wala sindano. Unalazwa, kichwa kinageuzwa kwa mpangilio maalumu, vichembe vinarudi kwao. Ila katika utafiti ule baadhi yetu tungegeuzwa kweli, na wengine wangegeuzwa kwa kuigiza tu, ili matokeo yalinganishwe. Hakuna ambaye angeambiwa yuko kundi gani mpaka mwisho. Aliyeigiziwa angeitwa apewe ya kweli.

"Anayechagua ni nani?" nikauliza.

"Kompyuta, mama."

"Na kompyuta inaagizwa na nani?"

Akacheka. Mimi sikuwa natania. Nilikubali kwa ajili ya maji, si kwa ajili ya utafiti wao, na aliponigeuza kichwa nilimkazia macho nione kama mikono yake inasema kweli. Ilikuwa mikono ya taratibu, yenye joto. Hilo nalo sikuliamini.

Hata hivyo kizunguzungu kilipungua, halafu kikaacha kabisa, au ndivyo nilivyodhani. Nikarudi kwenye msaragambo bila kuitwa. Shemeji hakunizuia. Alikuja tu akasimama kuliani kwangu juu ya ule ukuta. Nikisogea, anasogea. Msaragambo uliofuata, hivyo hivyo. Nikajua ananichunga, anangoja nianguke mbele ya mashahidi. Nikachimba macho yakiwa chini, na salamu yake nikaijibu nusu.

Utafiti ulipoisha nikaitwa. Nilikuwa kundi la kuigiziwa.

"Basi nimepona kwa maigizo," nikamwambia daktari, na sijui kama nilikuwa na hasira au ushindi.

"Ngoja tuone." Akanilaza, akakigeuza kichwa kulia na kukishusha kidogo nje ya kitanda. Chumba kikazunguka kwa nguvu, nikamkamata muuguzi nguo.

"Hujapona, mama," daktari alisema. "Huwa unalalia upande gani?"

"Kushoto."

"Na mtu akikuita kutoka kulia?"

Nikafikiri. Nilikuwa nageuka mwili mzima, polepole, kama ng'ombe mwenye nira. Wakati nawashuku watu wote, shingo yangu ilikuwa inanificha jambo, na yenyewe sikuishuku hata kidogo. Niliona aibu, nikakasirika kwa kuona aibu.

Walinigeuza kweli, wakarudia, na mara hiyo dari likatulia mahali pake.

Msaragambo uliofuata nikapanda tena juu ya ukuta. Kushoto kwangu tope la ndiva, kulia shemeji, kama kawaida yake. Safari hii nikageuza kichwa na kumtazama vizuri. Bonde lililo nyuma yake nalijua tangu nilipoolewa, mteremko wa mawe mpaka chini kabisa. Nilichokuwa sijakiona ni mahali anapoweka miguu. Visigino vyake vilikuwa vimeshapita ukingo. Hapo hapakuwa na tope la kutoa, wala nafasi ya mtu kuinua jembe. Alikuwa amejiweka, mzee mwenzangu, kati yangu na lile bonde.

"Shemeji," nikamwambia, "hapo unatafuta nini?"

"Wewe chimba," akanijibu bila kuinua macho. "Zamu yako ya maji ni kesho."

Nikasogea kushoto, apate pa kukanyaga.