Mbao za Miaka Kumi na Saba

Zamani mbao ilikaushwa miaka ndipo iwe mlango, siku hizi mlango hukaukia ukutani ukiwa umeshafungwa bawaba, na anayeshangaa ukipinda huonekana mshamba.

Karani alikuwa wa zamani kwa baba na wa siku hizi kwa kazi, na balaa lilimwingilia hapo katikati. Baba yake, waliyemwita Fundi Mkubwa, alikuwa seremala wa kweli. Mbao hakuinunua kabla hajaigonga kwa kidole na kuisikiliza, akainusa, akailamba hata ncha yake mbele ya muuzaji aliyekuwa akicheka. Mwaka mwanawe alipoajiriwa masjala, mzee alinunua mbao thelathini na mbili za mvule akazipanga bandani nyuma ya nyumba, safu nane za mbao nnenne. Chini aliweka mawe, kati ya safu na safu vijiti ili upepo upite, na kwenye ncha alipaka nta zisipasuke.

"Ukichoka kugonga mihuri utazikuta," alimwambia. "Kabati moja la hizi, bila msumari hata mmoja, ukiliweka mlangoni kwako watu watakutafuta wenyewe."

Karani akagonga mihuri miaka kumi na saba. IMEKAGULIWA, faili baada ya faili, na nusu ya mafaili hayo hakuyafungua. Jioni alijifunza kazi kwa baba yake, na mikono alikuwa nayo, hilo hakuna aliyembishia. Kisha masjala wakaleta mashine ya kugonga mihuri, yeye akabaki kuilisha karatasi. Alivumilia miezi mitano. Asubuhi moja aliandika barua ya kuacha kazi kwa mwandiko wa kupendeza, ule uliofundishwa shuleni enzi hizo, akaipeleka kwa mkuu wake. Hakuna aliyeisoma. Mashine iliigonga muhuri ikapita.

"Baba Pacha," mkewe alimwambia siku hiyo, "ule mshahara ulikuwa mdogo, lakini njia ya kuja hapa ulikuwa unaijua."

"Na kazi ya mikono itaijua, Mama Pacha. Nipe mwaka mmoja."

Alifungua karakana ubavuni mwa nyumba. Fundi Mkubwa, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kuingia ukungu, alikalishwa kwenye kigoda karibu na benchi, akatabasamu kama bwana harusi. Kazi ya kwanza ikaletwa na Matroni wa zahanati ya wazazi: milango minane, ipakwe rangi nyeupe ya mafuta. Mzee alikataza palepale mbao za bandani zisiguswe.

"Mvule ule si wa kuzikwa kwenye rangi. Kanunue nyingine."

Karani akaenda kiwandani peke yake, maana alitaka kujiona mwanamume kwenye kazi yake. Akakuta mbao zimepangwa vizuri, na kila ncha ina muhuri wa wino wa bluu: KAVU. Alipouona muhuri moyo wake ukatulia. Hakugonga, hakunusa. Mtu aliyegonga mihuri kwenye mafaili asiyoyafungua ndiye angekuwa wa kwanza kuushuku muhuri, lakini wapi! Macho yaliyozoea wino huamini wino.

Siku aliyoanza kupiga randa, mzee aliinua kichwa.

"Hiyo randa inalia vibaya. Mbao ina maji."

"Ina muhuri, Baba."

"Muhuri unakausha?"

Karani alicheka kidogo akaendelea, kwa sababu siku zilikuwa zimebana na Matroni alikuwa hapendi visingizio. Milango ikafungwa, ikapendeza, akasifiwa. Mwezi wa tatu upepo mkavu ukaanza, na milango yote minane ikajikunja kama majani ya tumbaku. Mmoja haukufunga, mwingine ukaacha mwanya wa kupita paka. Ule wa chumba cha kujifungulia ulifungwa ukang'ang'ania, mzazi na mkunga wakiwa ndani, hadi mlinzi akaupasua kwa shoka.

Kesho yake Matroni alifika karakana na kipande cha mlango mkononi.

"Fundi, nyoosha mkono."

Alinyoosha. Kipande kilikuwa na ubaridi ndani kama shina la mgomba.

"Mama amejifungua salama, mshukuru Mungu. Ingekuwa vingine nisingekuja na kibao, ningekuja na polisi. Nakupa wiki tatu, milango yote. Ukishindwa, kila anayejifungulia kwangu nitamtajia jina lako, na mji huu hawaachi kuzaa."

Alipoondoka, Fundi Mkubwa alipapasa ukingo wa benchi, akapapasa tena, kama anayetafuta kitu alichokiweka hapo zamani.

Karani alijaribu kila mlango wa kutokea. Alianika mbao mbichi juu ya moto wa maranda, zikapasuka kama vigae. Alizunguka viwanda vyote vya mji akigonga, akinusa, akilamba, na wauzaji wakimcheka kama walivyomcheka baba yake; mbao kavu haikuwapo, kwa sababu hakuna tena mwenye subira ya kuikausha. Akameza aibu akarudi masjala kuomba hata kazi ya kufagia. Mkuu wake alimwonyesha mashine kwa kidole.

"Tangu ije haijaugua hata siku moja," alisema. "Wewe ulikuwa unaugua."

Zikabaki siku kumi na mbili. Mama Pacha akaacha kuuliza kuhusu chakula cha wiki ijayo. Adhuhuri moja, mzee akiwa amelala, Karani aliingia bandani.

Alijua tabia ya baba yake. Kila asubuhi Fundi Mkubwa alijiongoza kwa fimbo hadi kwenye zile mbao, akaipitishia kiganja safu ya juu, kama mtu anayempima mtoto homa. Ya juu tu. Mgongo ulikuwa hauinami tena. Basi Karani aliziondoa zile nne za juu akaziweka kando, akatoa ishirini na nane za chini, mkewe akishika upande wa pili wa kila mbao huku machozi yakimtoka bila sauti. Mahali pake wakapanga mbao mbichi za kiwandani zilizobaki karakana, wakazirudisha zile nne juu. Lundo likasimama kama lilivyokuwa.

Asubuhi mzee alikwenda na fimbo yake. Alikawia. Aliporudi aliketi kwenye kigoda, akaomba chai, akainywa yote.

"Karani."

"Naam, Baba."

"Nilikuwa nimelala jana, sikuwa nimekufa. Banda zima linanuka utomvu." Alitua kikombe chini. "Umechukua ishirini na nane. Hiyo ni milango saba. Wa nane utautengeneza kwa nini, kwa mihuri?"

Karani alipiga magoti kwenye maranda. "Nisamehe, Baba. Sikuwa na njia."

"Njia ulikuwa nayo masikioni, nilikuambia. Kachukue na hizo nne. Mlango mmoja mbovu utaitukanisha mingine saba."

"Na kabati?"

"Kabati lipi?" mzee akasema, na hakulitaja tena.

Walifanya kazi pamoja siku zile, mwana akikata ulimi wa mbao na tundu la kuuchomeka, baba akipapasa kila kiungo na kusema ndiyo au bado. Hapakuingia msumari. Mvule ule ulikuwa na wekundu wa kahawia, na ulipopigwa randa uling'aa kama ngozi ya mtu mwenye afya. Kopo la rangi lilipofunguliwa, mzee aliomba atolewe nje. Aliketi uani akiuelekea ukuta hadi harufu ilipokwisha.

Milango ilifunga kwa sauti ndogo, kama kitabu. "Hii sasa ndiyo milango," Matroni alisema. "Si ungefanya hivi tangu mwanzo!"

Lakini hakuna aliyekuja kumtafuta fundi. Angetafutwa kwa lipi? Waliopita zahanati waliona milango myeupe kama milango myeupe mingine yote. Karani akaishia kurekebisha miguu ya vitanda vya unga wa mbao uliogandishwa kwa gundi, vitu vinavyoogopa hata kumwagikiwa maji. Fundi Mkubwa alifariki kabla ya mvua za mwaka wa pili, na neno lake la mwisho kwa mwanawe lilikuwa swali.

"Inafunga?"

"Inafunga, Baba."

Miaka sita baadaye Matroni alistaafu, na wakubwa wapya wakaleta milango ya alumini na vioo. Karani alisikia, akaacha kitanda cha watu kikiwa na miguu mitatu, akaenda mbio kuiomba ile ya zamani. Mlinzi alimpeleka nyuma ya jiko. Minne ilikuwa imekwisha kuliwa na moto. Mlango wa tano ulikuwa chini ya shoka, na pale rangi nyeupe ilipobanduka, wekundu ulionekana, umenyooka kama siku ulipotoka bandani.

"Kuni ngumu hizi, mzee wangu, zinanivunja mkono," mlinzi alisema akijifuta jasho. "Ila zikishika moto, we! Kavu. Kavu kwelikweli."

Karani alisimama pale hadi sufuria ilipochemka. Mbao za baba yake hakuziona tena.