Mama Pumba na Santuri Zisizo na Maneno

Asubuhi mashine inanguruma, na Mama Pumba ameweka kiganja juu ya bomba linaloteremsha unga. Hautazami unga wenyewe. Amefumba macho, kope zake nyeupe pe, anasikiliza kwa mkono.

"Chekeche limelegea," anasema kwa sauti ya mtu aliyezoea kushindana na injini. Anazima, anafungua kifuniko, na kweli, boliti moja inacheza. Mteja aliyeleta ndoo ya mahindi anaangua kicheko: mama huyu masikio yake yako vidoleni.

Yale ya kichwani ndiyo yenye shida. Miaka zaidi ya ishirini mbele ya mashine ya kusaga imeyala taratibu, bila maumivu, bila yeye kujua. Hilo jina alipewa na wateja kwa sababu ya pumba zinazomkaa nyweleni, wala halimkeri.

"Mtu akiniambia naongea pumba, namwambia ndiyo kazi yangu," anasema.

Sauti nyembamba ndizo zilizotangulia kuondoka: ndege, kengele ya baiskeli, simu yake mwenyewe. Baadaye maneno ya watu yakaanza kumfikia yakiwa yamepungukiwa herufi. S ilikwenda, sh ikaifuata. Aliyeumia zaidi ni mumewe, fundi saa mstaafu mwenye sauti ndogo, sauti ya mtu aliyeishi akiinamia vitu vidogo.

"Nilimwambia, nipe sahani," mzee anakumbuka. "Yeye akasikia, nipe amani. Akanijibu, 'Kwani nani kakunyima?' Akatoka nje, kanuna. Mimi nikala kwenye mfuniko wa sufuria."

Wanacheka sasa. Wakati ule hapakuwa na wa kucheka. Walinuniana, wakapatana, wakanuniana tena, hadi wakaona heri kunyamaza. Mke aliamini amechokwa. Mume aliamini anapuuzwa makusudi. Ilikuwa nyumba ya watu wawili wapweke, na Mama Pumba anasema wazi kwamba ilimuuma kuliko vumbi lolote alilowahi kulivuta.

Hata muziki ulimkimbia. Nyimbo za ujana wake zilibaki kama watu wanaoteta chumba cha pili. Akaigawa redio.

Kisha akahamia mpangaji katika chumba cha uani, binti mshona mapazia ambaye mtaa mzima unamwita Dada Pazia. Alikuja na cherehani, godoro, na makasha mawili ya santuri. Zilikuwa za tekno, na si ile ya redioni. Ni muziki wa mashine, wa chini kwa chini, unaochapwa nakala chache na kupita mkono kwa mkono. Santuri nyingine zina lebo nyeupe tupu, hata jina la mpigaji hakuna.

"Kasha la kwanza nilinunua kwenye mitumba nikidhani ni nyimbo za dansi," Dada Pazia anasimulia. "Kusikiliza mara ya kwanza, nikajua nimeingizwa mjini. Mara ya tano nikasikia kwamba mule ndani kuna mtu, na anajua anachofanya."

Jioni moja Mama Pumba alikuwa uani anafua. Akaegemea ukuta kupumzisha mgongo, na ukuta ukampigia ngoma. Aliisikia yote, wazi, bila kukisia: pigo zito la chini, na juu yake jingine dogo linalochelewa kidogo, kama mkanda wa mashine unaoanza kuteleza. Alibisha hodi na povu mikononi.

"Nikajua nimekwisha, mama mwenye nyumba kaja kunifukuza kwa kelele," anasema Dada Pazia. "Kumbe anauliza, 'Mwanangu, hiyo mashine yako inasaga nini?'"

Tangu hapo kila jioni alikuwa na kigoda chake mle chumbani, kiganja juu ya spika. Hapakuwa na maneno ya kumponyoka, kwa hiyo hakuhitaji kujifanya amesikia. Alijifunza kuzitambua santuri, hata zile zisizo na jina, naye akazibatiza mwenyewe: Mtama Mbichi, Injini Baridi, Gunia la Mwisho.

Kosa ndilo lililoleta mabadiliko. Dada Pazia, akili yake ikiwa kwenye mapazia ya mteja, aliweka santuri moja akasahau kurekebisha mwendo. Ikazunguka polepole kuliko ilivyotakiwa. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke, ambayo siku zote Mama Pumba aliiona kama upepo tu. Siku hiyo ilishuka, ikawa nene, nzito, ya kuburuta.

"Anahesabu!" Mama Pumba akapiga kelele. "Huyu anahesabu! Moja, mbili, tatu... sita, saba!"

Mumewe, aliyekuwa amekuja kuuliza habari za chakula, alisimama mlangoni. Alikuwa fundi wa mwendo wa vitu, akaelewa papo hapo. Aliinama karibu na mkewe, akashusha sauti hadi kifuani, akaburuta kila neno: "Mke... wangu... una... nisikia?"

Mama Pumba akalia, na fundi saa naye akalia. Dada Pazia anasema yeye alishona pindo la pazia upande usio wake.

Mtaalamu wa masikio alithibitisha baadaye. Sauti nyembamba hazitarudi. Nene bado zipo, ila akiendelea kukaa kwenye ule mngurumo, nazo zitakwenda. Mashine ndiyo iliyosomesha watoto wao wote, na kuiacha si jambo la mchezo.

Hata hivyo ameamua. Mwezi ujao anahamia dirisha la mizani, upande wa pili wa ukuta. Malipo yatapungua kwa theluthi. Mumewe atakaa naye, awasikilize wateja na kumtafsiria kwa mwendo wa santuri iliyokosewa.

"Namshukuru Mungu, namshukuru na huyu binti na makelele yake," anasema. "Nilikuwa nimeshampoteza mume nikiwa naye nyumbani. Hiki kilichobaki masikioni sikiuzi kwa mshahara wowote."

Anaulizwa ni sauti gani hasa angependa kuitunza. Hafikiri hata kidogo.

"Anavyokoroma. Iko chini kabisa, nzito, inatulia, inarudi. Hakuna santuri yenye besi kama ile. Nataka niisikie mpaka nizeeke."

Mzee anakohoa, anavuta kigoda, anaishusha sauti yake taratibu.

"Mimi... si... koromi."

"Nini?" anauliza Mama Pumba, na amesikia kila herufi. "Hebu rudia, Baba, sijakusikia."