Memori Mpya, Kadi Mbichi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya baba, ndiyo maana nikachelewa. Wadogo zangu wa kidato cha kwanza, someni kwa adabu: anayewaandikia ni mstaafu, ingawa bado anavaa kaptula ya shule.

Likizo ile nilibeba kadi katika kampuni ya pareto, Iringa. Kadi ni karatasi ngumu zilizotobolewa matundu, kompyuta huyasoma. Yetu ilikuwa kubwa kama kabati na ilijikokota. Hesabu za wakulima hazikuenea ndani yake, ikawa inaziweka nusu kwenye utepe wa sumaku, kisha inazifuata tena. Ikaongezwa memori, yaani nafasi ya kushikia hesabu inazozifanyia kazi. Utepe ukatulia, mashine ikakimbia, Ndugu Meneja akatamba kama aliyeizaa.

Likizo iliyofuata alikuwa amehamishiwa Mbeya, nikamfuata. Mashine ya huko ilikuwa kuukuu zaidi, na makao makuu yalishaonya: isipomaliza malipo ya wakulima kabla ya Krismasi, itapelekwa Dar es Salaam na watoboa kadi waachishwe kazi. Dada Tumaini, mtoboa kadi kutoka Igowole, alisomesha wadogo zake kwa kazi hiyo. Ndiye aliyembembeleza Meneja aongeze memori kama Iringa. Meneja hakuhitaji kubembelezwa sana. Bajeti yote ikaenda huko, sote tukapiga makofi.

Mashine haikuongeza hata hatua. Akaitwa fundi wa Dar. Alikaa akiitazama tu, mpaka nikadhani amelala macho wazi.

“Utepe huu huwa unahangaika?” akauliza.

“Hapana,” Dada Tumaini akajibu. “Umetulia tangu zamani.”

“Basi nafasi ilikuwepo, dada. Mashine inangoja kadi.”

Akachomoa moja, ikajikunja mkononi. Ukungu wa Mbeya ulikuwa umezivimbisha, zinakwama kila mara kwenye mashine ya kuzisomea. Hita moja stoo ingetosha, akasema, lakini Krismasi ilishabisha hodi.

Nami nikastaafu pamoja na mashine. Nilichobakiwa nacho ni hiki: kabla hujaiongezea memori mashine ya zamani, tazama kwanza inangoja nini. Sisi tulitazama Iringa.

Lori lilipopakiwa mashine kwenda Dar, manyunyu yalianza. Dada Tumaini akapanda kukaza turubai. Meneja akamwambia ashuke, si kazi yake tena.

“Najua, Ndugu Meneja,” akasema, akivuta kamba. “Huko waipokee kavu.”