Sukari Niliyoimwaga Midrand

Mimi nauza chakula Marshalltown, hapa Johannesburg, wali maharage na mishkaki, na sijawahi kumuunguzia mtu sufuria. Kwa hiyo mteja wangu mmoja, binti wa Trinidad, aliponiomba nikamsaidie kupika kwake Midrand siku moja kabla ya harusi, nilikwenda kifua mbele.

Nikakuta vituko. Baba wa binti, Mhindi, na mama wa bwana harusi, mweusi kuliko mimi, wametoka kisiwa kimoja, tena mji mmoja, wamepanda ndege mpaka Johannesburg, na hawasemeshani. Wamekaa meza moja. Mzee anamwambia bintiye amwambie yule mama asogeze pilipili. Mama anamwambia mwanawe amwambie mzee pilipili iko mbele ya pua yake. Na wote wawili Kiingereza chao ni kilekile, ambacho mimi nilikuwa nakifukuzia kwa nyuma. Kisa chenyewe rangi tu. Mzee alikuwa ameshatangaza kwamba bintiye hamsindikizi kwa mtu mweusi, kesho yeye atabaki hotelini. Binti kila akiingia jikoni analia, mpaka roho ikaniuma.

Ikafika zamu ya wali wao wa kuku na mbaazi. Mama akamimina mafuta kwenye sufuria, akatia sukari, akageuka kutoa kuku kwenye friji. Nikaona sukari inakuwa kahawia, mara nyeusi, moshi huo unapanda. Nikasema jamani, huyu mama mawazo yamemzidi. Nikashika sufuria kwa kitambaa, nikaenda kuimwaga yote nje.

Kumbe ndivyo wanavyopika! Sukari lazima iungue kwanza, ndipo kuku aingie apate rangi. Mama akaduwaa. Mzee, aliyekuwa amefuata harufu ile mpaka mlangoni, akashika kichwa. Nilifokewa kwa zamu. Mmoja akichoka, mwenzake anapokea. Nilikasirika mno. Nimepika tangu Tanga, leo nifundishwe kuunguza?

Mzee akavua koti, akawasha jiko upya. Yeye akasimamia sukari, mama akasimama kando na bakuli la kuku, wakawa wanabishana iungue kiasi gani, wenyewe kwa wenyewe, bila mkalimani. Binti na mchumba wake wamekauka mlangoni, hata kukohoa hawathubutu.

Kuku alipoingia, mama akanitazama juu mpaka chini, akatikisa kichwa.

"Hawa Waafrika," akasema, "hawajui kupika."

"Kweli kabisa, dada," mzee akamjibu, huku anapunguza moto. "Kesho tunaondoka hapa saa ngapi?"

Jibu la tusi lile nilikuwa nalo mdomoni, tena la Kitanga hasa. Lakini binti alikuwa ameung'ang'ania mkono wangu, analia, basi nikameza, nikakubali kwamba sijui kupika.