Msalaba wa Kilo Kumi na Sita

Saa moja asubuhi, Jumatano ya Juma Kuu, Zita Valerian anapiga randa ya mwisho kwenye msalaba wa paini uliolazwa juu ya meza mbili. Baridi ya Sumbawanga bado haijaachia. Saa nne katekista atakuja kuukagua. Akiukataa, Ijumaa Kuu utabebwa msalaba wa zamani wa mbao nzito za mninga, uliogongwa misumari upya.

Zita, 46, ni seremala wa Milanzi kwa miaka kumi na tisa. Hutengeneza vitanda na fremu za milango. Kitanda kimoja humwachia Sh40,000. Msalaba huu ameutengeneza bure kwa ajili ya jumuiya yake.

Ule wa zamani ulipasuka kwenye kiungo mwaka jana. Zita aliuweka kwenye mizani ya mahindi: kilo 38. Katika Njia ya Msalaba waliouweza ni wanaume sita, wale wale kila mwaka.

"Tunasema msalaba ni wa jumuiya nzima," anasema. "Mbona mabega ni ya watu sita?"

Wake una kilo 16.

Katekista Alois, 67, anafika na Bundala, mmoja wa wale sita, mfugaji ambaye peke yake huubeba kwa vituo vitano. Alois anaunyanyua kwa mkono mmoja.

"Zita mwanangu, huu ni msalaba au fimbo ya kuchungia ng'ombe?"

"Shikamoo kwanza, baba katekista."

"Marahaba. Mateso yako wapi humu?"

Bundala anacheka. "Fundi, umeniachisha kazi! Huu hata ndama wangu anabeba."

"Basi Ijumaa mlete huyo ndama, wewe upumzike," Zita anamjibu.

Alois hacheki. Anasema watu watauona kama mchezo, na kwamba atatafuta fundi wa kuunga ule wa zamani.

Hapo Monika, 71, jirani muuza maharage aliyekuwa akisikiliza mlangoni, anainuka. "Nipeni."

Wanamwekea begani. Anakwenda hadi barabarani na kurudi, hatua kama hamsini, akichechemea mguu wa kushoto.

"Miaka arobaini nimeufuata kwa nyuma," anasema akihema. "Mateso unayatafuta, Alois? Njoo uazime goti langu."

Katekista anacheka mpaka anashika kiuno. Kisha anatoa daftari na kuandika: kituo cha kwanza, Monika.

Hadi saa saba mchana habari imeenea mtaani. Vituo ni kumi na vinne, majina yamefika ishirini na matatu, itabidi wapokezane. Mstari wa pili una jina la Alois mwenyewe, ambaye hajabeba tangu mgongo uanze kumsumbua miaka kumi na mmoja iliyopita.

"Naujaribu tu," anajitetea.

Zita hajaomba kituo. Ana mpango mwingine, na katekista ameshaukubali. Mama mkwe wake, Fransiska, hatembei tangu apate kiharusi, na maandamano hupita mlangoni pake kila mwaka akiyasikiliza kutoka kitandani.

"Tutamtoa nje kwenye kiti," anasema Zita, akifuta vumbi la mbao mikononi. "Tumwekee msalaba mapajani, dakika moja tu. Halafu tuendelee na safari, naye atakuwa ameubeba."