Kidude cha Kunusa Tochi

Mume wangu alikinunua kile kidude ili aokoe leseni yake. Mimi hofu yangu haikuwa leseni. Hofu yangu ilikuwa imekaa kiti cha nyuma, imefunga mkanda, imeziba masikio kwa vile visikilizio vya simu, na bado inasikia kila tunachosema. Binti yetu alikuwa amebakiza miezi michache apate lena aanze kujifunza gari, na mimi niliamini, na mpaka leo naamini, kwamba mtoto haanzi kujifunza siku anayoshika usukani. Anajifunza miaka yote anayokaa nyuma yetu akitutazama visogo.

Lakini siwezi kusema leseni haikuwa shida. Tunaishi Woodbridge, jimbo la Virginia, Marekani. Mimi namhudumia mzee mmoja nyumbani kwake Herndon, mume wangu analinda jengo moja huko Sterling, yale majengo marefu yasiyo na madirisha ambamo kompyuta zinalala kwenye ubaridi mzuri kuliko binadamu. Gari ni moja na dereva ni mmoja. Mimi niliwahi kujaribu kujifunza, nikaparamia bustani ya jirani na kulalia maua yake, nikasema imetosha. Kwa hiyo asubuhi ananishusha Herndon, anaendelea na safari yake, jioni ananipitia. Bila leseni yake, sisi wote wawili tungebaki sebuleni tukitazamana.

Na alikuwa ameshapigwa tochi mara mbili, kwenye mteremko uleule. Tochi ndivyo tunavyoiita nyumbani Tanzania ile mashine ya trafiki ya kupimia mwendo. Mara ya pili hakimu alimwambia kwa upole kabisa kwamba akirudi tena mbele yake, leseni inakaa kabatini kwake. Mume wangu alitoka pale amenywea. Huyu ni mtu aliyeendesha gari la kampuni kati ya Morogoro na Dodoma miaka nenda rudi, na trafiki hawakumpata hata siku moja. Si kwamba alikuwa anakwenda polepole. Ni kwamba kule madereva wanalindana. Gari linalokuja likikuwashia taa mchana kweupe, unajua trafiki yuko mbele amejibanza na tochi yake, unashusha mwendo, unapita kwenye kibao cha hamsini kama bwana harusi, na wewe ukishampita unawawashia wanaokuja mbele yako.

"Watu wa huku wana roho ngumu," alikuwa ananiambia. "Mtu anamwona mwenzake anaingia mtegoni, anampita kimya."

"Si uende mwendo wanaotaka," nilimjibu.

Alinitazama kwa huruma, kama vile mimi ndiye niliyeambiwa na hakimu.

Aliyemletea dawa ni Mkenya mmoja tunayesali naye. Ibada ya Kiswahili tunaifuata Maryland, jimbo la jirani, ng'ambo ya mto, na baada ya ibada wanaume husimama kwenye maegesho wakikagua magari yao kuliko walivyokagua mahubiri. Siku hiyo yule bwana alifungua mlango wa gari lake akaonyesha kitu kidogo cheusi kilichobandikwa kwenye kioo cha mbele, ukubwa wake kama kipande cha sabuni.

"Buda, hii kitu inanusa polisi kabla polisi akuone," alisema. "Mimi tangu niiweke sijai shikwa. Shemeji, mwambie anunue, mtalala poa."

Shemeji ndiye mimi.

Jumamosi iliyofuata tulikwenda kukichagua, watatu, kwenye duka moja la vifaa vya magari hukohuko Maryland. Muuzaji alituwekea vitatu kwenye meza ya kioo. Cha kwanza kilikuwa rahisi na, kwa maneno yake mwenyewe, kinapiga kelele kwa kila kitu. Cha pili kilikuwa kizuri, kinajua kupambanua, ila kinatumia waya unaoning'inia mpaka kwenye dashibodi. Cha tatu kilikuwa cha betri, hakina waya wowote. Unakibandua kwenye kioo na kukitia mfukoni mara moja. Mume wangu alikigeuzageuza kile cha tatu, akakibandika kwenye kioo cha meza, akakibandua, akakibandika tena. Alipenda wepesi wake wa kutoweka. Alikichagua kwa sababu hiyo moja, na nilimwona binti yetu akitazama mikono ya baba yake.

Nyumbani, mezani, mtoto ndiye aliyesoma karatasi ya maelezo, maana macho yake bado mazima. Yeye Kiswahili anakielewa chote, majibu anatoa kwa Kiingereza. Alisoma, akasema kwamba hapa pameandikwa kuwa Virginia na Washington D.C. kitu hiki ni marufuku ndani ya gari.

"Marufuku vipi wakati kinauzwa dukani na risiti?" baba yake alisema. "Nchi si ni hii hii moja?"

Nilicheka, ingawa moyoni sikuwa na cheko. Maryland sisi tunakwenda kusali tu. Kuishi ni Virginia, kazi ni Virginia, ule mteremko uko Virginia. Maana yake tulikuwa tumenunua kitu ambacho ni halali kwetu siku ya Bwana peke yake, tukiwa na Biblia mapajani. Nilimwambia akirudishe. Alisema atakitumia ng'ambo tu, na tukivuka daraja kurudi anakitoa.

Jumapili mbili alikitoa kweli. Jumapili ya tatu alisahau, Jumatatu asubuhi kikawa bado kipo kiooni, na hakikutoka tena.

Sasa niseme kukaa na kile kidude kulivyo. Kinalia. Kinalia ukipita karibu na duka lenye milango inayojifungua yenyewe, kinalia magari mapya yenye vihisio yakikupita ubavuni, kinalia mlio mfupi, mrefu, wa haraka, na kila mlio una maana yake. Mume wangu alijifunza ile lugha kuliko alivyowahi kujifunza Kiingereza. Kikilia, mguu unatoka kwenye mafuta. Kikinyamaza, mguu unarudi, na unarudi kwa nguvu kuliko zamani. Zamani alikuwa anaogopa walau kwenye mteremko. Sasa aliogopa pale tu alipoambiwa aogope. Nilikuwa nashika kishikio cha mlango kutoka Woodbridge mpaka Herndon, nikifika kwa mzee wangu vidole havikunjuki.

Kilichonitia uchungu zaidi ni siku kilipolia tukiwa na mtoto, baba yake akakanyaga breki, na mtoto akasema kwa Kiingereza, bila kuinua macho kwenye simu, "Baba, tulia, hiyo ni famasi tu." Alikuwa ameshaijua lugha nzima. Nikamuuliza mume wangu usiku ule chumbani, kwa hasira ambayo sikuificha, unamfundisha nini huyu mtoto? Kwamba sheria ni kitu cha kunusa? Akaniambia nakuza mambo.

Sasa siku yenyewe. Ilikuwa Jumapili mchana, tunatoka ibadani, tumeshaingia Virginia na kuacha barabara kuu, tuko kwenye ile njia ya miti ya kuelekea kwetu ambako magari yanayokuja na yanayokwenda hayatenganishwi na kitu. Kidude kikalia ule mlio wa haraka. Mume wangu akashusha mwendo, na kweli, nyuma ya uzio wa shule alikuwamo askari ndani ya gari lake. Tukampita salama usalimini. Mume wangu alifurahi sana. Na furaha ile ikamrudisha barabara ya Dodoma: gari la kwanza lililokuja mbele yetu akaliwashia taa. La pili akaliwashia. La tatu jua lilikuwa linampiga machoni, akaliwashia vilevile na mkono akapunga.

Lile la tatu lilikuwa la polisi.

Lilipita, likageuza, likatujia nyuma na vimulimuli vyake. Mume wangu aliegesha pembeni. "Kitoe," aliniambia, "mama, kitoe haraka." Nikakibandua kiooni, na kweli kilitoka kwa wepesi uleule aliokilipia, nikakitupa ndani ya mkoba wangu, nikafunga zipu. Hayo yote nilifanya kabla sijajiuliza kama nakubali kuyafanya.

Askari alikuwa kijana, mpole, uso umeungua jua. Hakuwa na neno la mwendo kabisa; tulikuwa tunatambaa. Alitaka kujua tulikuwa na shida gani hata tukamwashia taa na kumpungia. Alidhani tunaomba msaada. Mume wangu akaanza kueleza kwa Kiingereza kwamba ni salamu tu, ni desturi ya kwetu, na askari akawa anaitikia taratibu akitutazama mmoja mmoja.

Ndipo mkoba wangu ukalia.

Gari lake lilikuwa nyuma yetu na mashine yake bado inapima. Kile cha waya tulichokiacha dukani, kukichomoa ni kukizima. Chetu kilikuwa na betri yake na uhai wake, na mimi hata kitufe cha kukizima sikukijua. Kililia ule mlio wa haraka, mapajani pangu, ndani ya mkoba wa kanisani. Askari aliinama akauliza ni nini hicho. Nilikuwa naiona leseni inaondoka, naiona Herndon na Sterling zinaondoka nayo. Nilikuwa natafuta maneno ya kusema kweli, na ninaapa nilikuwa nayatafuta.

"Ni mashine ya sukari ya mama," binti yangu alisema kutoka nyuma, kwa Kiingereza chake kisicho na lafudhi yetu. "Inalia sukari yake ikishuka."

Mimi sina ugonjwa wa sukari. Mwenye sukari ni mzee wangu wa Herndon, ana kile kihisio mkononi na kipokezi kinacholia, na mimi nyumbani hueleza mezani jinsi kinavyonishtua. Mtoto alikuwa ameyachukua yale maelezo yangu ya chakula cha jioni na kuyatunza. Sauti yake haikutetemeka. Ilikuwa na wasiwasi kiasi kilekile ambacho mtoto mwema angekuwa nao kwa mama mgonjwa, hakikuzidi na hakikupungua.

Askari alibadilika uso. Alisema mama yake mwenyewe anavaa mashine hiyo. Akauliza kama nina kitu kitamu hapo karibu. Kabla sijajibu, mkono wa binti yangu ukapita katikati ya viti na boksi la juisi, mrija umeshachomekwa. Nikanywa. Wote watatu walinitazama nikinywa, na ile juisi ya tufaha ilikuwa ya moto kwa kukaa garini. Mkoba ulilia tena. Askari akaniambia nipumzike, nile, akamwambia mume wangu asiwawashie watu taa ovyo, akaitikia kwa kichwa na kutupungia mkono tupite.

Tulikwenda mpaka kona. Baada ya kona mume wangu aliangua kicheko, akapiga usukani, machozi yakamtoka. "Mwanangu," alisema, "mwanangu wewe ni mwanasheria." Binti yangu akatabasamu dirishani. Nilimwambia mume wangu asimame, nikashuka, nikatapika juisi yote kwenye majani. Wao walidhani ni hofu.

Wiki iliyofuata hadithi ilisimuliwa kwenye maegesho ya kanisa kwa vitendo vyote, mpaka mlio. Wanaume walishikana mabega kwa kucheka. "Huyu mtoi ni moto," yule Mkenya alisema, na mtoto akapewa mkono wa pongezi na watu wazima waliotoka kuimba zaburi. Mimi nilikaa ndani ya gari. Kidude nilikuwa nimeshakitoa, nilimkabidhi yule bwana abaki nacho ng'ambo, na mume wangu hakubisha. Aliogopa kweli siku ile, na tangu hapo anaendesha mwendo wa kibao. Vidole vyangu vinakunjuka. Leseni ipo.

Nilizungumza na binti yangu, tena zaidi ya mara moja. Nilimwambia alichofanya si kizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza, bila ukorofi wowote, kama nilitaka baba yake anyang'anywe leseni. Nikasema hapana. Akauliza sasa angesema nini. Nikamwambia kweli. Akaniuliza mbona mimi sikuisema. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Sasa ana lena yake. Anaendesha vizuri, kwa utulivu, anatazama vioo vyote. Jumamosi moja mwezi uliopita alirudi nyumbani alasiri, amechelewa, viatu vyake vina matope mabichi. Nikamuuliza alikuwa wapi. Akasema maktaba, na wenzake wa darasani, kuna kazi ya kundi.

Labda alikuwa maktaba kweli. Nyuma ya maktaba kuna bustani, na mvua ilikuwa imenyesha. Lakini sauti ilikuwa ileile, imetulia, ina wasiwasi kidogo wa kutosha, na alikuwa ananitazama usoni. Halafu akaongeza kwa Kiswahili, yeye asiyejibu kwa Kiswahili, "Umekula, mama?"

Nikaitikia kwa kichwa, kama alivyoitikia yule askari, na nikasogea pembeni ya mlango apite.